Turbo ya nyuma ilikufa kwa nini? Uchambuzi wa kisa cha turbo mbili zilizofunguliwa na kurudishwa

Kuhusu kisa hiki

Kisa kilitokea Dar es Salaam, katika gereji mbili tofauti. Majina ya mwenye gari, mafundi na gereji zote mbili nimeyaondoa. Modeli ya gari nayo nimeiondoa, maana wenye gari za turbo mbili mjini hapa wanajuana: ukitaja modeli na rangi tu, wengi watajua ni la nani. Inatosha kusema ni gari dogo la Kijapani la miaka ya 1990, injini ya petroli ya silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, turbo mbili zinazofanya kazi sambamba. Turbo ni pampu ya hewa inayosukumwa na moshi wa eksozi ili kuilisha injini hewa zaidi. Turbo ya mbele inasukumwa na moshi wa silinda 3 za mbele, ya nyuma inasukumwa na moshi wa silinda 3 za nyuma. Ndivyo zilivyopangwa turbo za injini 1JZ-GTE za Toyota zilizotoka kabla ya mabadiliko ya 1996, na RB26DETT za Nissan.

Mimi nilikuwepo gereji ya pili, ambako huwa nasaidia kufundisha vijana wanaojifunza ufundi. Ya gereji ya kwanza nimeyapata kwa mwenye gari, kisha kwa fundi wa huko mwenyewe, aliyekubali kunieleza kila hatua kwa sharti asitajwe. Namshukuru kwa hilo. Bila maelezo yake tungebaki na nusu ya kisa.

Usuli

Gari lilikuwa linavuja moshi kwenye gaskiti ya manifoldi ya eksozi, yaani kiziba kati ya injini na bomba linalokusanya moshi wa silinda. Likiwashwa asubuhi linatoa mlio wa "tiki-tiki-tiki" unaopungua injini ikipata moto, na nguvu zimepungua. Kwenye injini ya aina hii huwezi kuifikia gaskiti hiyo bila kushusha turbo zote mbili. Kwa hiyo zikashushwa: paipu za oili, paipu za maji, mipira ya kurudisha oili kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), vyote vikafunguliwa.

Gaskiti sahihi haikupatikana mara moja. Fundi alizunguka Gerezani na Ilala, akaambiwa mzigo uko njiani, na turbo zikakaa kwenye kona ya gereji kwa wiki kadhaa, midomo wazi, bila kuzibwa hata kwa kitambaa. Zilipokuja kufungwa, oili yote iliyokuwa ndani yake ilikuwa imeshachuruzika.

Ili msomaji asiyeshughulika na turbo afuate yanayokuja, aelewe jambo moja kuhusu kifaa hiki. Shafti ya turbo, yenye feni ya moshi ncha moja na feni ya hewa ncha nyingine, inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika injini ikivutwa sawasawa, na upande mmoja wake unapigwa na moshi ambao kwenye injini za petroli unaweza kukaribia nyuzi 900. Kwenye turbo za aina hii shafti haikai juu ya beringi za gololi. Inakaa ndani ya bushi za shaba, na kati ya shafti na bushi kuna mwanya wa sehemu chache za mia za milimita. Mwanya huo hujazwa na oili inayoletwa kwa presha kutoka kwenye injini, kisha oili inashuka yenyewe kurudi kwenye sampu. Oili hiyo ndiyo inayoinua shafti isiguse chuma, na hiyo hiyo ndiyo inayobeba joto kulitoa nje. Ikikosekana, shafti inagusa bushi, na kwa kasi ile haihitaji muda mrefu kuharibika.

Mfululizo wa matukio: gereji ya kwanza

Gaskiti ilipofika, kila kitu kilirudishwa siku moja. Kopa washa (pete za shaba za kuziba kiungo) za paipu za oili zilikuwa za zamani, zimeshabanwa na kulalia upande. Badala ya kununua mpya, fundi alizipaka silikoni nyekundu pande zote mbili "zisije zikavuja". Oili mpya ikamiminwa kwenye injini, filta mpya ikafungwa ikiwa tupu, betri ikarudishwa, gari likawashwa.

Taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi ilizimika baada ya sekunde chache. Fundi akaichukulia hiyo kuwa dalili kwamba oili imefika kila mahali, akakanyaga mafuta mara tatu nne kusikiliza kama turbo zinavuta. Zilivuta vizuri. Mlio wa tiki-tiki ulikwisha. Mwenye gari alilipa na kuondoka ameridhika, na kwa siku kadhaa hakuwa na sababu ya kulalamika.

Halafu ukaanza mluzi. Mwanzoni ulisikika akipandisha mwendo tu, mwembamba, akadhani ni hewa inavuja kwenye mpira. Siku zilizofuata ukawa mkali zaidi, ukaja na moshi wa bluu kila alipoachia mafuta, na kipimo cha oili kikaanza kushuka. Siku gari lilipopoteza nguvu kabisa akiwa kwenye foleni ya Morogoro Road maeneo ya Kimara, akalivuta moja kwa moja hadi gereji ya pili, Tabata.

Uchunguzi wa gereji ya pili

Turbo zilishushwa tena. Ya nyuma ilikuwa imekufa. Shafti ilicheza kiasi kwamba feni ya upande wa hewa ilikuwa imekwangua nyumba yake na kuacha alama ya mduara inayong'aa. Ilipofunguliwa, shafti ilikuwa imebadilika rangi upande wa moshi, bluu iliyokolea, na bushi ya upande huo ilikuwa imelika na kupakaa shaba yake kwenye shafti. Filta ya oili ilikatwa kwa msumeno, karatasi yake ikakunjuliwa juu ya meza: chembe za shaba zilionekana kwa macho zikisogezwa chini ya tochi.

Ya mbele ilikuwa nzima. Shafti ilikuwa na mchezo mdogo wa kushoto na kulia, jambo la kawaida kwa bushi isiyo na oili, lakini ukiisukuma mbele na nyuma hakukuwa na mchezo unaohisika. Kipimo hicho cha mbele na nyuma ndicho cha kuamini. Wengi hukataa turbo nzima kwa sababu imecheza pembeni, kisha wanakubali iliyochoka kwa sababu feni inazunguka laini.

Mwenye gari alipoeleza historia, kwamba turbo zilikaa kavu kwa wiki kadhaa, zikawashwa bila kuwekewa oili na zikapigwa resi papo hapo, kila mtu pale alitikisa kichwa. Jibu lilionekana kamili: ziliwashwa kavu, moja ikafa. Hakuna aliyeuliza swali la pili. Nitalirudia hili kwenye uchambuzi.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kubadilisha turbo ya nyuma peke yake. Fundi mkuu angependa kubadilisha zote mbili, lakini bajeti ya mwenye gari haikuruhusu, na ya mbele ilipita vipimo vyote vilivyowezekana pale. Ikatafutwa iliyotumika, ya namba ileile, kwenye maduka ya spea za kutoka Japani. Zilikuja mbili za kuchagua, moja ikakataliwa kwa mchezo wa mbele na nyuma.

Kuifungua ile ya zamani na kuijenga upya kwa vipuri vya ndani kulijadiliwa, kukaachwa. Turbo nyingi za kiwandani za injini hizi zina feni ya seramiki upande wa moshi. Ni nyepesi na inaamka haraka, lakini ikishaguswa na chembe ya chuma au kuegemea nyumba yake huwezi kuiamini tena, na kwa kutazama tu hujui kama ina ufa.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuosha njia nzima ya oili na ya hewa. Paipu za oili za turbo zote mbili zilifunguliwa, zikalowekwa kwenye dizeli, zikapigwa hewa ya kompresa. Ile ya nyuma ilitoa masizi magumu ya oili iliyoungua, kisha hewa ikapita bila kizuizi. Intakula, kipoza hewa kilichoko kati ya turbo na injini, ilimwagwa, ikatoka oili ya kutosha kuchafua sakafu, ikaoshwa mara mbili. Hili la intakula linarukwa sana. Oili inayobaki humo itafuka kwa muda mrefu, mteja atarudi akisema turbo mpya nayo inakula oili, na fundi hatakuwa na namna ya kumthibitishia vinginevyo. Tena humo ndimo zinamojificha chembe za feni iliyokwanguka, zikisubiri kwenda kwenye silinda.

Uamuzi wa tatu ndio ulioliokoa gari, na ulitokana na desturi ya fundi mkuu zaidi kuliko na shaka yoyote aliyokuwa nayo. Kwake turbo haiwashwi mpaka oili imeonekana kwa macho ikitoka kwenye mdomo wa paipu yake. Mwenye gari alikuwa na safari ya Morogoro kesho yake. Alifika jioni akakuta turbo zimeshafungwa lakini paipu za oili zinaning'inia.

"Fundi, si uzifunge tu tuwashe? Oili umeshaweka."

"Bosi, nipe nusu saa. Nikiwasha bila kuona, nakuwa nabahatisha na pesa yako."

Kuweka oili, na kilichoonekana

Kazi ilifanyika hivi. Kwanza, bomba la sindano la mililita 20 lilijazwa oili safi, ileile iliyokuwa imewekwa kwenye injini. Ikaingizwa taratibu kwenye mdomo wa juu wa kila turbo, huku kidole cha mkono mwingine kikizungusha feni ya upande wa hewa. Mwanzoni feni ilizunguka ikikwaruza kidogo. Baada ya mizunguko kadhaa ikawa nzito na laini, na oili ikaanza kutokea chini, kwenye mdomo wa kurudi sampu, ambao mpira wake ulikuwa haujafungwa. Alipoiona akaacha. Kuongeza zaidi ya hapo hakusaidii, oili inayozidi itatafuta njia ya kwenda kwenye eksozi. Mipira ya chini ikafungwa, kwa gaskiti mpya kavu, bila silikoni.

Pili, filta mpya ilijazwa oili kabla ya kufungwa.

Tatu, plagi zote 6 zilitolewa ili injini izunguke kwa wepesi, na fyuzi ya EFI (mfumo wa kielektroniki wa kulisha injini petroli) ikachomolewa ili kusiwe na petroli wala cheche. Petroli ikiendelea kumwagwa wakati unapiga stata itaosha oili kwenye kuta za silinda na kulowesha eksozi, nawe utakuwa umeponya turbo na kuumiza pistoni.

Nne, paipu ya oili ya kila turbo ikaachwa bila kufungwa upande wa turbo, mdomo wake ukaelekezwa kwenye chupa ya maji iliyokatwa nusu. Chupa mbili, moja mbele, moja nyuma. Kijana wa gereji akakaa kwenye usukani.

"Dogo, piga. Hesabu kumi, acha."

Stata ikazunguka. Kwa sekunde za kwanza hakikutoka kitu, paipu zilikuwa tupu. Mapumziko ya dakika moja, stata ipoe. Safari ya pili, taa ya oili kwenye dashibodi ikazimika, na paipu ya mbele ikakohoa hewa, ikarusha, kisha ikatoa oili mfululizo ikajaza chini ya chupa. Kwenye chupa ya nyuma lilidondoka tone moja. Likafuata jingine. Safari ya tatu ilikuwa hivyohivyo: mbele inamwagika, nyuma inadondoka.

Mwenye gari alikuwa amesimama pale pale. Hakuuliza tena habari ya safari.

Paipu ya nyuma ilifunguliwa upande wa pili, kwenye bloki. Yenyewe ilikuwa wazi, hewa ikapita bila kizuizi. Ikabaki bolti ya banjo, ile yenye tundu katikati inayoshika jicho la paipu na kupitisha oili ndani yake. Fundi mkuu akaielekeza kwenye taa na kuchungulia, mwanga haukupita. Kwa sindano ya kushonea akavuta kutoka ndani ya tundu la ubavuni kipande cha silikoni nyekundu, urefu wa milimita 6 hivi, kimekauka na kuchukua umbo la tundu lenyewe. Kilikuwa kimeacha upenyo mwembamba pembeni, na huo ndio uliokuwa ukiilisha turbo ya nyuma tangu ilipotoka gereji ya kwanza.

Wakati paipu zinaoshwa, bolti hizo zilikuwa zimetupwa kwenye kopo pamoja na bolti nyingine zote, na kabla ya kufungwa zilifutwa kwa kitambaa kwa nje tu.

Bolti zote 4 zilioshwa, zikachunguliwa moja moja, zikafungwa kwa kopa washa mpya. Jaribio likarudiwa: chupa zote mbili zikapata oili kwa mkupuo unaofanana. Paipu zikafungwa kwenye turbo, stata ikapigwa mara mbili zaidi ili oili isukumwe ndani, kisha plagi na fyuzi zikarudishwa. Oili iliyotoka kwenye chupa haikurudishwa. Iliongezwa mpya kwa kipimo, bila kuzidisha, maana oili ikizidi kwenye sampu inazuia ile inayoshuka kutoka kwenye turbo, nayo ikikosa pa kwenda inapenya kwenye sili, vile vizuizi vya oili kwenye shafti.

Matokeo

Gari liliwashwa likaachwa silensa kwa dakika 5, mguu mbali na mafuta. Eksozi ilitoa moshi mwingi wa bluu, na mwenye gari alikuwa ameshaambiwa mapema kwamba utatoka: ni oili ya zamani iliyolala kwenye eksozi inaungua. Ulipungua, ukaisha. Tochi ikapitishwa kwenye kila kiungo, hakuna kilicholowa. Gari likazimwa, kipimo kikaangaliwa, likawashwa tena.

Safari ya majaribio ilikwenda Mandela Road hadi Ubungo, kisha Morogoro Road hadi Kibaha na kurudi, bila kuvuta turbo kwa nguvu. Baada ya kilomita 1,000 oili na filta vilibadilishwa, na filta ikakatwa kama ile ya kwanza. Haikuwa na shaba. Miezi mitatu baadaye gari lilikuwa halili oili na mluzi haujarudi.

Kuhusu gharama, mwenye gari alirudi gereji ya kwanza na kipande cha silikoni kwenye mfuko wa plastiki. Mazungumzo yalikuwa magumu mwanzoni, baadaye wakakubaliana fundi yule achangie sehemu ya bei ya turbo.

Uchambuzi

Nianze na swali ambalo halikuulizwa. Turbo zote mbili zilikaa kavu wiki zilezile, zikafungwa siku ileile, zikawashwa kavu kwa ufunguo mmoja na kupigwa resi pamoja. Moja ikafa, moja ikabaki nzima. Kama kuwashwa kavu ndiko kulikoua, kwa nini kulichagua ya nyuma? Tofauti hiyo ilikuwa mezani tangu turbo ziliposhushwa. Rangi ya bluu kwenye shafti nayo ilisema kitu: turbo iliyokosa oili kwa sekunde chache za kwanza huelekea kuonyesha mikwaruzo, lakini chuma kubadilika rangi kiasi kile kunahitaji joto lililodumu, yaani njaa ya muda mrefu. Ushahidi ulikuwepo. Kilichouzima ni kwamba maelezo ya mwenye gari yalitoshana mno na tulichotegemea kusikia.

Laiti fundi mkuu angefuata utaratibu unaofuatwa na wengi hapa mjini, wa kumimina oili kidogo mdomoni mwa turbo, kufunga na kuwasha, gari lingewaka vizuri. Oili ile ya sindano ingetosha kwa muda mfupi. Taa ingezimika. Baada ya siku kadhaa turbo iliyonunuliwa ingekufa kama ile ya kwanza, na safari hii lawama ingeangukia duka la spea: "wamekuuzia turbo mbovu." Ndiyo maana nasisitiza kwamba kumimina oili ni nusu ya kazi. Oili ya sindano inalinda bushi mpaka pampu ifike, lakini haikuambii kama pampu itafika. Hilo linaambiwa na paipu peke yake.

Taa ya oili nayo haiambii. Swichi yake iko kwenye njia kuu ya oili ya injini, mbali na turbo, na inachosema ni kwamba pale ilipo kuna presha. Maji yakiwepo kwenye bomba kubwa la mtaa haina maana bomba la uani kwako linatoa. Kwenye kisa hiki taa ilizimika mara zote mbili, gereji ya kwanza na ya pili, huku turbo ya nyuma ikipata matone. Fundi wa kwanza hakuwa mzembe kwa kuiangalia taa. Aliiuliza swali isiloweza kulijibu.

Yeye mwenyewe aliniambia jambo ninaloamini ni la kweli, na linastahili kujibiwa kwa heshima: kwamba ameshawasha turbo nyingi bila kuziwekea oili na hazikufa. Hazikufa kwa sababu turbo iliyoshushwa leo na kurudishwa leo bado ina utando wa oili kwenye bushi zake, na hapa Dar joto halishuki kiasi cha kuifanya oili iwe nzito asubuhi, kwa hiyo pampu inafika mapema. Mazingira yamekuwa yakimbeba. Turbo iliyokaa wiki kadhaa midomo wazi haina utando huo, na ina vumbi juu yake. Hata turbo ya mbele iliyopona hatuwezi kusema haikuumia. Imepunguziwa maisha kwa kiasi ambacho hakuna anayeweza kukipima bila kuifungua.

Kupiga resi ili "kusikiliza turbo" ni jambo ambalo ningependa liachwe kabisa. Kwenye silensa shafti inazunguka kwa kasi ndogo na oili ina muda wa kujaza paipu. Ukikanyaga mafuta ndani ya sekunde za kwanza unaipandisha hadi makumi ya maelfu ya mizunguko kabla hujajua kama inalishwa. Huna utakachosikia hapo ambacho hukisikii baada ya dakika 5.

Kuhusu silikoni. Kopa washa inaziba kwa kubanwa na kulainika kati ya nyuso mbili za chuma, haihitaji gundi. Silikoni ikiwekwa hapo inabanwa kwenda pande mbili: nje, ambako unaiona na kuifuta, na ndani, ambako huioni. Turbo ya mbele ilipona kwa sababu silikoni yake ilikwenda nje zaidi. Kopa washa ni miongoni mwa vitu vya bei ndogo kabisa dukani, na asiyezipata anaweza kuipasha moto ile ya zamani mpaka iwe nyekundu, akaiacha ipoe: inarudi kuwa laini na kuziba tena. Kwenye gaskiti ya mdomo wa chini hatari ni ileile. Silikoni ikining'inia pale inapunguza njia ya oili kurudi, na turbo itavuja oili kwenye sili hata ikiwa mpya.

Gereji ya pili ilifanya vizuri kulishika jaribio la chupa hata pale ambapo mteja ana haraka na kila mtu anaamini ameshajua chanzo. Ilipokosea ni kwenye kopo la bolti. Kila bolti ya banjo ni sehemu ya njia ya oili sawa na paipu yenyewe, na ilitakiwa ioshwe na kuchunguliwa pamoja nayo. Tangu siku ile bolti hizo zinafungwa kwa waya kwenye paipu yake mara tu zinapofunguliwa, na midomo ya turbo inazibwa kwa plastiki na mpira.

Kwa wenye dizeli

Vijana waliniuliza kama hatua hizi zinafaa kwa Hilux, Land Cruiser na Fuso. Zinafaa, isipokuwa namna ya kuizuia injini isiwake. Dizeli za zamani zenye pampu ya kawaida zina solenoidi (vali ya umeme) ya kukata mafuta: chomoa waya wake na injini itazunguka bila kuwaka. Zile za komoni reli (dizeli za kisasa ambazo injekta zake zinaendeshwa kwa umeme) unachomoa soketi za injekta, au fyuzi inayotajwa kwenye kitabu cha gari husika. Plagi za moto (zinazopasha silinda joto kabla ya kuwasha) usizitoe kama huna sababu, kwenye baadhi ya injini zinakatikia ndani. Chupa na paipu ni vilevile, na stata inahitaji mapumziko zaidi kwa sababu mbano wa dizeli ni mkubwa.

Lililobaki

Turbo ya mbele bado ni ileile. Mwenye gari ameshaelezwa kwamba ilipitia mwasho mkavu kama mwenzake, akaamua kuiacha mpaka atakapopata pesa ya kuibadilisha. Kila huduma ya oili mpira wake wa hewa unafunguliwa, shafti inasukumwa mbele na nyuma kwa vidole, na kinachohisika kinaandikwa kwenye karatasi ya gari hilo pamoja na kilomita za siku hiyo. Mchezo ukianza kuhisika, turbo itashuka kabla haijaanza kupiga mluzi.